Muulize Daktari wa Moyo: Tusubiri Akue Kwanza, au Tuwahi?

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo, na kweli mmeandika, nimesoma mpaka usiku wa manane. Siwezi kujibu barua zote kwenye toleo moja, nimechukua nane na majina nimeyaficha. Kitu kimoja kabla sijaanza manake naona wengi mnachanganya: hapa siongelei ule ugonjwa wa vali, yaani milango ya ndani ya moyo, unaompata mtoto mkubwa baada ya mafindofindo yasiyotibiwa, huo anaupata akiwa ameshazaliwa. Naongelea moyo ambao haukuundika sawasawa tumboni. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai karibu 8 mpaka 10 wanao, kwahiyo usidhani uko peke yako mtaani kwenu.

Shikamoo daktari. Nina mtoto wa miezi mitatu na nusu. Alizaliwa kilo 3.1 mzima kabisa, ila toka amalize mwezi ananyonya kidogo anaacha, anahema, jasho linamtoka kichwani mpaka kanga inalowa. Sa hivi ana kilo 4 tu na tumelazwa nimonia mara mbili. Juzi kapigwa eko, ile picha ya moyo, wakasema ana tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo. Mama mkwe anasema mtoto wa jirani tundu liliziba lenyewe, tusubiri afike miaka miwili apate nguvu ndo afanyiwe. — Mama wa kifungua mimba, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mama mkwe hajakosea kila kitu. Matundu madogo mengi hujiziba yenyewe, tunayaangalia tu kwa eko kila baada ya muda na mtoto anacheza kama wenzake. Tatizo ni kwamba la mwanao limeandikwa kubwa, alafu mwili wake wenyewe umeshasema, ile kanga inayolowa ndo inasema.

Unajiuliza mbona alizaliwa mzima. Mtoto akiwa tumboni mapafu hayapumui na mishipa yake inakuwa imejibana. Akizaliwa haiachii siku hiyohiyo, inaachia taratibu ndani ya wiki kadhaa, ndo maana wengi wanaanza kuumwa baada ya mwezi au miezi miwili wakati mama ameshatoka arobaini na kila mtu keshasema mtoto mzuri. Mishipa ya mapafu ikishalegea, damu ya upande wa kushoto wenye presha kubwa inaona njia rahisi, inapita kwenye tundu inarudi mapafuni ilikotoka, mapafu yanajaa, moyo unafanya kazi mara mbili. Na kwa mtoto mchanga kunyonya ndo kazi ngumu kuliko zote, kwake ni kama wewe kupandisha mlima na ndoo kichwani. Anachoma chakula chote kwa kuhema tu. Mtoto wa umri wake angekuwa anaelekea kufika uzito mara mbili ya aliozaliwa nao, wa kwako hajaongeza hata kilo.

Sasa kuhusu kusubiri miaka miwili. Mishipa ya mapafu ikipigwa na presha hiyo miezi na miezi inaanza kuwa minene na migumu, na ikishakuwa migumu kabisa damu inageuka, ile chafu ya kulia inavuka kwenda kushoto, mtoto anakuwa wa bluu. Hali hiyo inaitwa Eisenmenger, jina la daktari wa Austria aliyeielezea mwaka 1897 kwa mgonjwa wa miaka 32. Ikifika hapo hatuzibi tena tundu, manake linakuwa ndo mlango wa dharura wa moyo, ukiliziba unamuua mtu. Na kinachodanganya ni kwamba mishipa ikianza kukakamaa mtoto huwa anaonekana kapata nafuu, hahemi tena sana, analala vizuri, watu wanashukuru Mungu kumbe ndo mlango unafungwa. Kwa tundu kubwa la aina hii hospitali zenye uwezo zinataka liwe limezibwa ndani ya mwaka wa kwanza, wengi ndani ya miezi sita dawa zikishindwa. Mambo ya "apate nguvu kwanza" yalikuwa ya zamani wakati mashine za kusimamia moyo na mapafu hazikuweza watoto wadogo, siku hizi wa kilo nne anafanyiwa, na hatapata nguvu bila kuzibwa, ndo kitu cha kumwelewesha mama mkwe kwa upole.

Kwahiyo ile rufaa ichukue wiki hii. Dar es Salaam tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, toka 2015 wanafanya upasuaji wa watoto hapahapa nchini. Dawa ulizopewa za kupunguza maji mapafuni usiziruke hata siku moja. Mnyonyeshe kidogokidogo mara nyingi, akichoka kamua umpe kwa kikombe, chanjo zote apate. Kama hela ndo kikwazo usirudi nyumbani kimyakimya, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, wapo kwa ajili hiyo.

Asalaam aleikum daktari. Mke wangu kajifungua mtoto ana Down na wameniambia moyo una kasoro. Dada zangu wanamwandama, mara alikuwa akitembea magharibi na mimba, mara akila udongo. Nataka kujua sababu hasa. — Baba, Mombasa

Waaleikum salaam kaka. Sababu hasa ni kromosomu moja ya ziada, yaani kifurushi kimoja cha vinasaba kilichozidi, hiyohiyo iliyoleta Down. Karibu nusu ya watoto wa Down huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi katikati ya moyo ambapo kuta na vali zinakutana. Mkeo hakufanya kitu. Moyo unaanza kupiga kabla mimba haijafika mwezi na nusu, na kufikia wiki ya nane hivi vyumba vyake vimeshagawanyika, wakati huo wanawake wengi tunakuwa hatujajua vizuri kama tuna mimba yenyewe.

Vipo vitu vinavyojulikana kuharibu moyo wa mtoto: kisukari cha mama kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa za kifafa, na ugonjwa wa vipele unaoitwa rubella. Madhara hayo ya rubella yaligunduliwa na daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, mwaka 1941, aliona watoto wengi ghafla wana mtoto wa jicho na mioyo mibovu akawauliza mama zao wakasema tulipata vipele mimba ikiwa changa. Chanjo ya surua na rubella ndo inakinga hilo. Ila kwa familia nyingi sababu haipatikani kabisa. Waambie dada zako hivyo, na wewe ndo useme sio yeye, mzazi mpya hana nguvu ya kujitetea mbele ya mawifi. Na mtoto asicheleweshwe eti kwa sababu ana Down, hawa mishipa ya mapafu yao inakakamaa haraka kuliko wengine.

Mjukuu wangu ana miaka sita, midomo inakuwa ya rangi ya zambarau, akicheza kidogo anachuchumaa chini anainamia magoti kisha anaamka anaendelea. Hapa kijijini wanasema ni pepo. Nina miaka 63 na mimi ndiye ninayemlea. — Bibi, Kigoma

Bibi yangu shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili kwa sababu ya hilo neno kuchuchumaa. Mwaka jana kulikuwa na mtoto wa kiume kwenye korido ya kliniki yetu, ametoka kwenye benchi kwenda dirishani kuangalia ambulansi, hatua kumi tu, akachuchumaa. Hakuna aliyemfundisha. Vidole vyake ncha zimevimba kama vijiti vya ngoma, kucha za bluu, anatazama sakafu anahesabu pumzi zake mwenyewe. Sikuhitaji eko kujua ana nini japo tulipiga.

Inawezekana sana mjukuu wako ana kitu tunaita tetralojia ya Fallot, jina la daktari wa Marseille, Ufaransa, aliyeieleza mwaka 1888. Njia ya damu kwenda mapafuni imebana, na kuna tundu kati ya vyumba vya chini, kwahiyo damu ambayo haijapata oksijeni inakata kona inaingia mwilini. Akichuchumaa mishipa ya miguu inabanwa, presha ya mwilini inapanda, damu inalazimika kupita pale palipobana kwenda mapafuni. Mtoto amegundua tiba mwenyewe bibi, huyo hana pepo ana akili. Na siku ukiona amekuwa wa bluu sana analia ovyo au analegea, mlaze umkunje magoti yafike kifuani, hivyohivyo anavyofanya yeye, na umkimbize hospitali. Mpe maji ya kutosha, hasa akiharisha au akiwa na homa, damu yake ni nzito na ikikauka inaganda.

Nikueleze tiba yake ilitoka wapi, manake naipenda habari hii. Baltimore, Marekani, kulikuwa na daktari wa watoto mwanamke, Helen Taussig, masikio yake hayakuwa yanasikia vizuri kwahiyo alikuwa anasikiliza mioyo ya watoto kwa viganja. Aliona kwamba watoto wa bluu wenye mshipa wa ziada ulio wazi kati ya moyo na mapafu wanaishi kuliko wale ambao umejifunga. Akauliza, kwanini tusiwatengenezee? Daktari mpasuaji Alfred Blalock akakubali, lakini mikono iliyoufanyia kazi upasuaji ule kwa miaka maabara ilikuwa ya Vivien Thomas, kijana mweusi aliyekuwa fundi seremala, chuo alikikosa kwa sababu akiba yake ilipotelea benki. Tarehe 29 Novemba 1944 walimfanyia mtoto wa miezi 15 mwenye kilo nne na ushei, na Thomas amesimama kwenye kigoda nyuma ya Blalock anamwelekeza. Midomo ikabadilika rangi. Yule mtoto hakuishi muda mrefu, lakini waliofuata waliishi, na miaka 10 baadaye, 1954, kule Minnesota, C. Walton Lillehei akaanza kurekebisha moyo wenyewe kwa ndani, na kwa kuwa mashine bado zilikuwa hazijakaa sawa alimuunganisha mtoto na mtu mzima, mara nyingi mzazi, moyo na mapafu ya mzazi vikafanya kazi ya watu wawili. Watoto 45 walifanyiwa hivyo, 28 wakatoka hospitali wazima.

Leo Fallot inarekebishwa kabisa, na kwa kawaida kabla mtoto hajatimiza mwaka. Miaka sita sio kuchelewa sana bibi, tumefanya wakubwa kuliko huyo. Anzia hospitali ya mkoa, waambie neno hilohilo, anachuchumaa akicheza, daktari atakuelewa hapohapo.

Daktari habari. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio. Mwanangu alizaliwa upande wa kushoto wa moyo haukukua, kafanyiwa upasuaji wote mitatu, sasa ana miaka 12. Hospitali wananiomba aingie kwenye utafiti wa dawa, kompyuta ndo itachagua nani apewe dawa ya kweli na nani ya bandia. Mume wangu kakasirika, anasema mtoto wetu sio panya. Mimi nashindwa. — Mama, Ohio

Njema mama. Hasira ya mumeo ni ya mzazi, naiheshimu, na sitawaambia msaini wala msisaini. Ila naomba mjue mwanenu yuko hai kwa sababu gani.

Hadi miaka ya themanini mwanzoni mtoto wa aina yake alikuwa anafariki ndani ya siku au wiki chache, hakuna lililofanyika. Ndo ikaja njia ya hatua tatu, ya kwanza siku chache baada ya kuzaliwa, ya pili akiwa na miezi minne mpaka sita, ya tatu akiwa na miaka miwili mpaka minne hivi, hiyo ya mwisho ilianzishwa na Francis Fontan kule Bordeaux mwaka 1968 kwa kasoro nyingine. Damu ya mwilini inaelekezwa mapafuni moja kwa moja bila kusukumwa, na chumba kimoja kilichopo kinasukuma mwili mzima.

Kwenye ile hatua ya kwanza kulikuwa na ugomvi, damu ya mapafuni ipitishwe kwenye bomba la kutoka mshipa wa mkono au la kutoka moyoni kwenyewe. Kila mpasuaji alikuwa anaapia lake. Ikabidi wazazi wa watoto 555 kwenye hospitali 15 za Marekani na Kanada wakubali kura ichague. Matokeo yakatoka 2010, baada ya miezi 12 waliopata bomba la moyoni 74 kati ya 100 walikuwa hai bila kuhitaji moyo wa kupandikizwa, wale wengine 64. Watu wakashangilia. Lakini hawakuacha kuwafuatilia, na miaka ilivyokwenda tofauti ile ikapungua mpaka haikuwa tena ya kuapia, na wale wa bomba la moyoni wakawa wamehitaji kuzibuliwa zaidi kwa katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa. Kwahiyo mpasuaji wa leo anachagua kwa kumwangalia mtoto aliye mbele yake, hana dini ya bomba.

Na kura inalinda pia dhidi ya sisi madaktari. Kwa miaka tulikuwa tunawapa watoto steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, kabla ya upasuaji tukiamini inatuliza mwili. Mwaka 2022 utafiti wa Marekani wa watoto wachanga zaidi ya 1,200 haukuonyesha faida ya uhakika. Mwaka huohuo Australia, New Zealand na Uholanzi wakatoa matokeo ya watoto 1,371, nusu walichanganyiwa gesi ya naitriki oksidi kwenye mashine ya moyo na mapafu, hamna tofauti, siku za kupumua bila mashine zilikuwa karibu sawa kabisa. Bila wazazi wale tungekuwa bado tunawapa watoto vitu visivyowasaidia na tunajisifu.

Kwa watoto waliomaliza hatua ya tatu kama wa kwako, kulikuwa na utafiti wa dawa inayoitwa udenafili, vijana 400, wiki 26, majibu yakatoka 2019. Kipimo kikuu, yaani kiasi cha juu cha oksijeni wanachotumia wakifanya mazoezi, hakikupanda kwa kiasi cha kuthibitika, ila vipimo vingine vya mazoezi vilionyesha nafuu kidogo. Kwahiyo swali bado liko wazi na ndo maana wanamtafuta mwanao. Na ini mama, hawa watoto ini lao linapata makovu taratibu kwa sababu damu inasubiri foleni kurudi moyoni, hilo ulizia kliniki hata kama utafiti mnaukataa.

Kabla ya kusaini waulize: dawa hii ina madhara gani yaliyoonekana mpaka sasa, vipimo vya ziada ni vingapi na vinauma, nani anasimamisha utafiti watoto wakipata shida, na tukijitoa katikati matibabu yake yatabaki vilevile? Hilo la mwisho jibu lake lazima liwe ndiyo, ni haki. Una haki ya mkalimani bure, usikubali mtoto ndo akutafsirie. Na yeye mwenyewe aulizwe, ana miaka 12, anajua mwili wake. Hata huku nyumbani utafiti wa binadamu lazima upitishwe na kamati za maadili na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, sio mtu anajiamulia. Natamani siku moja tafiti kubwa kama hizi zifanyike na kwa watoto wetu wa huku, wanaofika wamechelewa, wana utapiamlo, manake majibu ya Marekani hayajibu kila swali la Kigoma.

Nina miaka 41, watoto wanne. Nimekuwa nachoka na moyo unadunda vibaya, kupiga eko nina tundu vyumba vya juu, daktari anasema toka nizaliwe. Nimeishi nalo miaka yote, si niliache tu? — Dada, Tanga

Dada, tundu la vyumba vya juu lina subira, presha ya huko ni ndogo, mtu anakua, anazaa, analima, kisha miaka ya thelathini na arobaini upande wa kulia unaanza kuchoka kwa ile damu ya ziada. Mayo Clinic, Marekani, waliwafuatilia watu 123 waliozibwa kati ya 1956 na 1960, karibu miaka 30. Waliozibwa kabla ya miaka 25 waliishi kama watu wengine wasio na tatizo. Waliozibwa wakubwa zaidi hawakufika hapo, na mapigo kwenda mrama yakawaandama. Kwahiyo kuchelewa umechelewa kidogo, lakini usiongeze mwaka mwingine juu. Kama presha ya mapafu bado iko chini, kuzibwa kunakusaidia hata sasa.

Na huenda usipasuliwe kifua. Kama tundu liko katikati ya ukuta na lina kingo, linazibwa kwenye cathlab, chumba cha kazi za katheta, kupitia mshipa wa paja. Kile kifaa nimekishika mara nyingi, ni nyavu ya waya wa nikeli na titani, kama visahani viwili vilivyounganishwa kiunoni. Ukikivuta kinanyooka kama uzi kinaingia kwenye mrija mwembamba, ukikisukuma kikatoka kinakumbuka umbo lake, sahani moja inafunguka upande huu wa tundu nyingine upande ule. Ndani ya miezi kadhaa ngozi ya moyo inakua juu yake. Utakunywa aspirini karibu miezi sita. Matundu yaliyokaa pembeni bado yanahitaji upasuaji, hilo eko ya kupitia kooni itakuambia.

Nilifanyiwa Fallot nikiwa na miaka saba nje ya nchi, sasa nina 29. Walisema nimepona. Kliniki niliacha nikiwa form two. Siku hizi nikipanda ngazi moyo unakimbia kama utatoka, juzi nilizimia kidogo. — Kijana, Dar

Mdogo wangu, hiyo ya kuzimia usisubiri jibu langu la toleo lijalo, nenda kesho. Nakuandikia na wengine wasome.

Hukudanganywa, ulitengenezwa, lakini kutengenezwa sio kupona kabisa. Ulipokuwa na miaka saba walipanua ile njia iliyobana, pengine wakaweka kiraka kilichoikata vali ya mapafu. Tokea hapo kila damu inayotoka inarudi kiasi, miaka 22 chumba cha kulia kinapanuka kimyakimya, na moyo uliopanuka na wenye kovu unazaa umeme mbovu. Utapigwa ECG ya kupima umeme wa moyo, eko, ikiwezekana MRI ya moyo, na kifaa cha kurekodi mapigo cha saa 24. Huenda ukahitaji vali. Mwaka 2000 kule Paris Philipp Bonhoeffer alimwekea mvulana wa miaka 12 vali ya mapafu kupitia katheta bila kufungua kifua, na toka hapo maelfu wamewekewa.

Kwenye nchi zilizoanza upasuaji huu mapema watu wazima wenye moyo wa kuzaliwa nao ni wengi kuliko watoto, kule Quebec, Kanada, mwaka 2010 walikuwa theluthi mbili ya wote, na waliohudhuria kliniki maalumu za watu wazima walikufa wachache zaidi. Sisi tunaanza kufika huko sasa. Watoto tuliowapeleka nje na tuliowafanyia hapa wana ndevu, wana ndoa, na hawana kliniki, mtoto akifika miaka 18 tunampa faili mkononi anapotelea mjini. Hili linaniuma na ni kosa letu sisi tunaotibu sio lako. Wote mnaosoma mkiwa na kovu katikati ya kifua, tafuteni faili zenu, rudini.

Nina miaka 26, nimeambiwa nina Eisenmenger. Nimeolewa mwaka jana na mume anataka mtoto. — Mwanza

Mdogo wangu, ningependa kukuambia kingine. Kwa hali hiyo mimba ni hatari kubwa kwa maisha yako, iko kwenye kundi la juu kabisa la hatari ambapo madaktari dunia nzima wanashauri mwanamke asibebe. Damu na presha vinabadilika wakati wa mimba na zaidi siku za baada ya kujifungua, na moyo wako hauna pa kukimbilia. Njoo na mumeo kliniki asikie kwa masikio yake, sio wewe umpelekee habari peke yako. Tumieni njia ya uzazi wa mpango isiyo na homoni ya estrojeni, mfano kijiti. Zipo dawa za kulegeza mishipa ya mapafu, bosentani ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Eisenmenger 54 na matokeo yakatoka 2006, waliopewa walitembea mbali zaidi kuliko waliopewa bandia. Sildenafili nayo inatumika na inapatikana kirahisi zaidi. Nimekuandikia barua kamili pembeni.

Mimi ni mkunga, Singida. Tuna mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni moja tu. Inaweza kusaidia kugundua mapema? — Mkunga

Inaweza sana, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Kuna watoto wanaishi kwa sababu ya mshipa mmoja tu wa karibu na moyo, waliokuwa nao toka tumboni mwa mama, ambao bado haujafunga, unafunga ndani ya siku za mwanzo, mama ameshawekwa kwenye bajaji kurudi nyumbani, mtoto anakufa na wanasema alipaliwa. Jicho halioni oksijeni ya asilimia 88, hasa kwa ngozi yetu. Uingereza walipima watoto zaidi ya 20,000, ripoti ikatoka 2011, na mwaka huohuo Marekani wakapendekeza kipimo hicho kwa kila mtoto mchanga. Majimbo yaliyokifanya lazima vifo vya mapema vya kasoro hatari za moyo vilipungua karibu theluthi.

Fanya hivi dada. Subiri mtoto afikishe saa 24, au kama mama anaruhusiwa mapema mpime kabla hajatoka mlangoni. Awe ametulia, amepata joto. Funga kihisi kiganja cha kulia, lazima kulia, kisha mguu wowote, usiandike namba mpaka mstari wa mapigo utulie. Vyote vikiwa 95 au zaidi na havipishani zaidi ya 3, aende nyumbani. Kikiwa chini ya 90 popote, mpigie daktari sasa hivi. Katikati ya hapo rudia baada ya saa moja, bado iko vilevile, rufaa. Kihisi cha watu wazima kinadanganya kwa mtoto mchanga, mwombe mganga mfawidhi kile cha kufunga kama plasta, na kifutwe kwa spiriti kila mtoto. Anzeni na daftari la kawaida la mistari, andika mkono, mguu, saa, mwisho wa mwezi unitumie namba nizione.